Chekeche, Hadubini au Kemia? Kuchagua Njia ya Kumtafuta Mtu wa Kale Aliyelala Pangoni Usiku Mmoja

Vijana sita wa Malindi, waliopata nafasi ya kushiriki katika uchimbaji mdogo wa majaribio kwenye pango moja la mawe ya chokaa upande wa bara, waliniuliza swali lililonifanya niandike ulinganisho huu. Shimo lao litakuwa la mita 1 kwa mita 1, kibali kinasimamiwa na watafiti wenye uzoefu, na fedha inayobaki baada ya usafiri na chakula inatosha kulipia njia 2 za uchunguzi, si zaidi. Hawaulizi kama watu wa kale waliwahi kuishi katika pango hilo kwa vizazi, kwa sababu makazi ya namna hiyo hujitangaza yenyewe kwa mawe yaliyochongwa, mifupa na majivu tabaka juu ya tabaka. Wanataka kujua kama kuna waliopita tu: wawindaji waliojikinga na mvua, au jamaa waliolala siku mbili tatu wakaendelea na safari yao.

Nilianza kulifikiria jambo hili siku nilipoingia katika pango la mzimu nikiongozana na mzee aliyekuwa mlezi wake. Sakafuni palikuwa na doa jeusi lenye upana wa sahani, nami nikasema, bila kufikiri sana, kwamba hapo watu walipika. "Mwanangu," akanijibu, "hapa hapakupikwa, hapa palifukizwa." Akanionyesha alichokiona yeye: makaa yalikuwa machache, yameletwa yakiwa tayari yanawaka katika chetezo kisha yakamwagwa, udongo wa chini yake haukuwa umebadilika rangi, na kando yake hapakuwa na mfupa wala ganda. Aliyefukiza ubani pale alikaa labda saa moja. Tangu siku hiyo kila nikisikia njia mpya ya kuchunguza mashapo ya pangoni, yaani udongo uliorundikana humo tabaka juu ya tabaka, hujiuliza kama ingeliona doa lile baada ya miaka 10,000, na kama ingeliona, je, ingeweza kulitofautisha na jiko la mtu aliyepika chakula chake cha jioni? Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia hapa.

Udongo wa mapango yetu

Kabla ya kulinganisha njia ni lazima kujua pango lenyewe linahifadhi nini, maana njia iliyofanya maajabu katika baridi ya Siberia inaweza kurudi mikono mitupu katika Kaunti ya Kilifi. Pango letu linalojulikana zaidi ni Panga ya Saidi, lililoko yapata kilomita 15 kutoka baharini. (Msomaji wa Kiswahili sanifu asitafute upanga hapo, kwa Kimijikenda panga ni pango.) Uchimbaji uliofanywa huko kuanzia 2010, kwa ushirikiano wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na watafiti wa nje, ulifichua tabaka 19, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba binadamu wamelitumia pango hilo, kwa kuja na kurudi, katika kipindi cha miaka 78,000. Mwaka 2021 ikatangazwa habari ya yule aliyepewa jina la Mtoto, aliyekuwa na umri wa kati ya miaka 2 na nusu na 3, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, takriban mita 3 chini ya sakafu ya sasa. Mifupa yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba haikuweza kuinuliwa mmoja mmoja. Ilibidi bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta, lisafirishwe, na hatimaye lifunuliwe taratibu katika maabara ya Burgos, Hispania.

Habari ya Mtoto inatufundisha mambo mawili yanayohusu uchaguzi wetu. La kwanza ni kwamba ikiwa mwili uliozikwa kwa makusudi, katika shimo lililofukiwa upesi, uliacha mifupa inayokaribia unga, basi mfupa wa paa ulioachwa juu ya sakafu na mpita njia una matumaini madogo zaidi. La pili ni kwamba kilichothibitisha kuwa palichimbwa kaburi hakikuwa mifupa peke yake. Ulihitajika uchunguzi wa punje za udongo, kemia yake na mpangilio wake chini ya hadubini, ili kuonyesha kwamba udongo wa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na ule ulioizunguka kingo yake.

Joto nalo lina neno. Malindi haina msimu wa baridi unaostahili jina hilo, na hewa ya ndani ya pango hukaribia wastani wa joto la mwaka mzima wa nje, yaani nyuzi 26 au 27. Kisha kuna popo. Samadi yao inapooza hutoa asidi na fosfeti, ambazo huyeyusha majivu, hula mifupa, na kuunda madini mapya mahali pa yale yaliyokuwapo. Pango lenye popo wengi ni kama daftari ambalo mtu analiandika huku mwingine akilifuta.

Chekeche: upana bila saa

Chekeche ndilo chombo cha kwanza cha kila mchimbaji. Udongo hutolewa kwa mwiko, hujazwa ndooni, kisha hupitishwa kwenye wavu wa milimita 5, wa milimita 2, na palipo na subira wa milimita 1. Ukichekechwa kwa maji, udongo wa mfinyanzi huondoka na vitu vidogo vikaonyesha rangi zao halisi. Mbegu zilizoungua na makaa mepesi huachwa yaelee yakakusanywa juu ya maji. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna kona ya shimo inayoachwa: ndoo zote hupita hapo, na kitu kimoja kilichodondoka katika pembe ya mbali kina nafasi ya kuonekana.

Kwa mtu aliyekaa muda mfupi, kitu hicho kimoja mara nyingi ni jiwe. Anayechonga jiwe ili lipate makali huondoka na kipande anachokihitaji na kuacha makumi ya vigae vidogo kuliko ukucha, ambavyo havina faida kwa mtu yeyote na havioshwi kirahisi na maji wala kuliwa na asidi. Hapa mapango ya pwani yana neema ambayo haisemwi vya kutosha. Pango la chokaa au la matumbawe halizai kwatzi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo. Katika Panga ya Saidi wachongaji walitumia kwatzi, mawe ya jamii ya gumegume na hata chokaa yenyewe, lakini kigae cha kwatzi chenye makali kikikutwa ndani ya pango kama hilo kimeletwa, na aliyekileta alikuwa na mikono. Punje za mchanga wa kwatzi zilizopeperushwa na upepo au kubebwa na maji zipo, bila shaka, ila hizo zimeviringika kwa kusuguana, na jicho lililozoea huzitenganisha bila shida katika wavu wa milimita 2. Chini ya milimita 1 hata jicho lililozoea huanza kubahatisha.

Udhaifu wa chekeche ni kwamba halina saa. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: ikiwa mita 3 za mashapo zilijengeka kwa miaka 78,000, basi kwa wastani kila sentimita 5, ambacho ndicho kina cha kawaida cha uchimbaji wa hatua kwa hatua, inabeba miaka 1,300. Huo ni wastani wa kwenye karatasi tu, maana mashapo hayashuki kwa mwendo mmoja. Kuna karne hazikuacha kitu na kuna mvua moja iliyomwaga kiganja kizima cha udongo. Hata hivyo picha iko wazi. Vigae 12 vya kwatzi vilivyotoka katika ndoo za hatua moja vinaweza kuwa kazi ya mtu mmoja kwa robo saa, au ya watu 12 waliopishana kwa miaka elfu moja, na chekeche haliwezi kukwambia ni ipi. Ukiwahi kuketi chini ya mwembe wiki tatu ukichambua mabaki ya wavu kwa kibano, kama nilivyowahi kuketi mimi, utajua uchungu wa kukipata kitu usijue kilikuja lini wala na nani.

Pia chekeche hudanganywa na wanyama. Bundi hutapika mifupa ya panya chini ya kiota chake na kujaza wavu. Fisi na nungu huleta mifupa mikubwa na kuitafuna. Karibu na bahari, wale kaa wa nchi kavu wanaoishi ndani ya magamba ya konokono wa baharini huyaburura magamba hayo hadi mapangoni na kufia humo, na mtafiti mwenye haraka akayahesabu kuwa mabaki ya chakula cha binadamu. Kwa ajili hiyo ganda la baharini lililotoka katika pango la kilomita 15 kutoka ufukweni lina uzito wa ushahidi ambao ganda lilelile halina katika mapango ya Watamu yanayopigwa na mawimbi.

Doa la chetezo? Chekeche lingeokota chembe zake za makaa, na makaa hayo yangeweza kupimwa umri kwa kaboni, njia inayofika yapata miaka 50,000. Hilo si dogo. Lakini lisingejua kama chembe hizo zilimwagwa mahali pamoja kwa saa moja au ziliingizwa na maji baada ya moto wa msituni.

Hadubini: saa bila upana

Njia ya pili, mikromofolojia, huanza kwa kukataa kile ambacho chekeche hukifanya. Udongo hauvunjwi. Kwenye ukuta wa shimo huchongwa tofali la udongo, mathalani lenye urefu wa sentimita 15 na upana wa 10, hufungwa kwa bendeji za plasta likiwa bado limeshikamana na ukuta, kisha hukatwa nyuma na kutolewa zima. Maabarani hukaushwa taratibu, hunyweshwa resini, yaani gundi ya maji inayoganda, mpaka liwe gumu kama jiwe, hukatwa, na kusagwa mpaka ibaki slaidi yenye unene wa mikroni 30 (mikroni 1,000 ni milimita 1), inayopitisha mwanga. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, kwa kuwa resini haiharakishwi. Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu tofali zuri kwa pupa: mvua ilikuwa inakuja, plasta haikuwa imekauka, nikalivuta, na kwenye kipande kilichosalimika nilikuwa nimesahau kuchora mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Tofali lisilojulikana juu yake halisomeki.

Kinachoonekana katika slaidi ndicho hasa kinachotafutwa na mwenye swali la ukaaji mfupi. Majivu ya kuni hayaonekani hapo kama vumbi la kijivu, bali kama fuwele ndogo za chokaa zilizorithi umbo la fuwele zilizokuwamo ndani ya mti kabla haujaungua. Zikiwa zimelala kwa utulivu juu ya makaa, na makaa juu ya udongo ulioiva ukawa mwekundu, basi moto uliwaka hapohapo. Zikiwa zimechanganyika ovyo na kokoto, basi ziliporomoka au zilisombwa. Mfupa uliokanyagwa huvunjika vipande ambavyo bado vinatazamana, kila kimoja karibu na mwenzake. Tabaka lenye unene wa milimita 2, ambalo mwiko wa mchimbaji hulipita bila kulihisi, katika slaidi huwa barabara nzima. Kwa hesabu yetu ya juu milimita 2 ni wastani wa miaka 52, na moto mmoja uliofunikwa upesi hujitenga hata ndani ya miaka hiyo.

Slaidi pia huonyesha nani alikuwa akikaa pangoni wakati watu hawapo, na kwa swali letu hilo ni muhimu kama kuwaona watu wenyewe. Uchunguzi wa namna hii katika pango la Denisova, kusini mwa Siberia, uliochapishwa 2019, ulikuta mabaki mengi ya kinyesi cha fisi na wanyama wengine walao nyama, na dalili chache tu za moto wa binadamu. Pango ambalo fisi analala kwa muda mrefu si pango ambalo binadamu anakaa mwaka mzima; hao wawili hupishana, na zamu ya mmoja ikiwa ndefu ya mwenziwe huwa fupi. Mpishano huo chekeche huuonyesha kwa mbali, kwa kuhesabu mifupa iliyotafunwa, ila hadubini huuonyesha kama mfululizo: zamu hii, kisha ile.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Wonderwerk, Afrika Kusini. Mwaka 2012 watafiti walionyesha, kwa slaidi pamoja na kipimo cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaotumika kutambua madini), majivu ya mimea na mifupa iliyoungua katika tabaka la yapata miaka milioni 1, mita 30 hivi ndani kutoka mlangoni. Majivu yalikuwa na kingo kali, hayakusafiri. Ilibidi pia kuondoa uwezekano wa samadi ya popo kujiwasha yenyewe, jambo ambalo hutokea, na ambalo sisi wenye mapango ya popo hatuna ruhusa ya kulisahau.

Sasa ubaya wake. Slaidi ni dirisha dogo mno. Moto wa usiku mmoja una upana wa nusu mita, pango lina upana wa ukumbi, na tofali lako lina sentimita 10. Unaweza kukata matofali matano mazuri na yote yakapita kando ya jiko. Isitoshe, kigae cha jiwe ni nadra kuangukia ndani ya slaidi, kwa hiyo hadubini hukwambia moto uliwaka lakini haikwambii aliyewasha alikuwa na zana gani. Msomaji wa slaidi naye hapatikani kila mahali. Ni ujuzi wa miaka, na asiye nao huona picha nzuri tu.

Doa la chetezo lingeonekana vizuri sana katika slaidi, kama tofali lingeligusa. Makaa machache bila majivu mengi chini yake, na udongo ambao haujaiva: mzee wangu wa mzimuni alikuwa akifanya mikromofolojia kwa macho matupu.

Njia hizi mbili zikikutana

Kwa hiyo chekeche na hadubini si wapinzani wa kugombea nafasi moja, ingawa katika bajeti ndogo huwekwa hivyo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvitumia vyote viwili katika sehemu tofauti za shimo, au kukata tofali mwishoni, baada ya udongo wa jirani kuchekechwa wote kwa hatua za sentimita 5, kiasi kwamba matokeo hayawezi kuambatanishwa. Tofali likikatwa kwanza, na slaidi ikaonyesha tabaka jembamba la moto, udongo ulioachwa sentimita chache kando yake unaweza kuchimbwa kwa kufuata tabaka hilohilo na kuchekechwa peke yake. Hapo vigae 12 vya kwatzi huacha kuwa vya miaka 1,300 na kuwa vya sakafu moja.

Msaidizi wa bei nafuu hapa ni kipimo cha infraredi. Chukua udongo kidogo, saga, mulika, na kwa dakika chache unajua kama mfinyanzi umepata joto la zaidi ya nyuzi 400 au 500, kama chokaa ni ya majivu au ni ya mwamba uliomomonyoka, na kama mfupa mweusi umeungua au umetiwa rangi na madini ya manganizi. Hilo la mwisho peke yake limeokoa watu wengi na aibu. Kipimo hiki hakina mpangilio wala umbo, ni jibu la ndiyo au siyo kuhusu punje uliyoichukua. Lakini kikifuatana na slaidi hukata ubishi. Tahadhari ni moja: mahali popo walipoyeyusha majivu, chokaa ya majivu haipo tena, na kipimo kikisema "hakuna" usikitafsiri kwamba moto haukuwako.

Kemia ya kinyesi

Mtu hata asipowasha moto wala kuchonga jiwe, mwili wake una desturi zake. Bakteria wa utumbo wa binadamu hugeuza kolesteroli kuwa koprostanoli, na mafuta haya hudumu udongoni muda mrefu kuliko mfupa. Katika kituo cha El Salt, Hispania, watafiti walitangaza 2014 kwamba wameyakuta katika mashapo ya yapata miaka 50,000, yakiwa ya Wanianderthali, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, pamoja na dalili za mimea katika chakula chao. Wanyama walao majani huacha stanoli (mafuta ya jamii hiyo ya koprostanoli) za aina nyingine, kwa hiyo uwiano hutenganisha. Nguruwe hukaribiana na binadamu, na hapo huhitajika kupima pia asidi za nyongo.

Kwa mapango yetu njia hii inavutia kwa kuwa haihitaji mfupa. Lakini fikiri kidogo kama binadamu. Mtu anayelala pangoni usiku mmoja, ana sababu gani ya kujisaidia mahali anapolala? Sisi wenyewe kambini tulikuwa tukienda mbali, tena upande ambao upepo hauelekei jikoni. Kwa ukaaji wa wiki kadhaa, na watoto wakiwamo, nafasi huongezeka. Kwa usiku mmoja hupungua sana. Sampuli nayo huchafuliwa kwa wepesi wa kutisha: mkono mtupu una kolesteroli, mafuta ya kujipaka yana yake, na mfuko wa plastiki huvujisha kemikali zinazoficha matokeo. Huchukuliwa kwa chombo cha chuma kilichosafishwa na kufungwa katika karatasi ya alumini. Doa la chetezo lisingeonekana kabisa kwa njia hii, labda kwa kupima mabaki ya moshi, ambayo nayo huweza kuingia na upepo kutoka shamba linalochomwa.

DNA ya udongo

Hii ndiyo ambayo vijana waliitaja kwanza, na siwalaumu. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba DNA ya Wanianderthali na ya Wadenisova, jamii nyingine ya binadamu wa kale iliyopewa jina la pango la Denisova, inaweza kutolewa katika mashapo matupu, bila mfupa hata mmoja. Mwaka 2021, katika Denisova hiyohiyo ambako slaidi zilionyesha watu kwa shida, sampuli 728 zilipimwa, na 175 kati yake zikatoa DNA ya jamii ya binadamu. Kwa maneno mengine, molekuli ziliwaona wale ambao hadubini iliwakosa. Kati ya njia ninazozilinganisha hapa, hakuna nyingine inayoweza kukwambia aliyepita alikuwa wa ukoo gani.

Ila DNA huvunjwa na joto, na unyevu huharakisha. Denisova ni friji. Malindi ni jiko. Haimaanishi kwamba haiwezekani kabisa pwani: mfupa wa mtu aliyeishi yapata miaka 400 iliyopita, kutoka Panga ya Saidi, ulitoa DNA iliyochapishwa 2017. Kutoka miaka 400 ya mfupa hadi miaka 10,000 ya udongo, hata hivyo, ni safari ndefu, na mimi nisingeweka nusu ya fedha ya kikundi kidogo juu yake. Jambo linalofariji ni kwamba uamuzi huu hauufungi mlango. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba matofali yaliyokwisha kunyweshwa resini kwa ajili ya hadubini, hata yaliyokaa rafuni miaka mingi, bado yanaweza kutoa DNA. Anayehifadhi mabaki ya tofali lake leo amewekea akiba watakaokuja na vifaa bora.

Yaliyobaki kwa ufupi

Masizi yanastahili sentensi zake, kwa sababu ni njia pekee inayokaribia kuhesabu safari za watu moja moja. Mahali ambapo maji yenye chokaa hutiririka juu ya ukuta, kila msimu wa moto huacha utando mweusi unaofunikwa na utando mweupe, mithili ya pete za mti. Katika pango la Mandrin, Ufaransa, vipande vya ukuta vilivyoangukia mashaponi vilisomwa hivyo, na ikaonekana kwamba kati ya moto wa mwisho wa Wanianderthali na wa kwanza wa watu wa jamii yetu, yapata miaka 54,000 iliyopita, hakukupita zaidi ya mwaka mmoja. Usahihi huo unatia wivu. Kagueni basi vipande vyote vya ukuta vitakavyobaki juu ya chekeche kabla ya kuvitupa. Kukagua hakugharimu kitu. Lakini pango kavu halina utando, na wengi wetu tuna mapango makavu.

Kipimo cha usumaku, kinachotambua udongo uliochomwa, ni cha haraka na kinafaa kuchagua mahali pa kukata tofali, si kuthibitisha. Fosforasi, ambayo katika viwanja vya wazi huashiria makazi ya watu, katika pango la popo haina maana yoyote; atakayewauzia kipimo hicho mshukuruni na muagane.

Ningechagua nini

Kwa shimo la mita 1 kwa mita 1, katika pango la joto lenye popo, na fedha ya njia 2, ningechagua hadubini na chekeche la maji la milimita 2, na ningebana posho ya siku moja ili kulipia vipimo vichache vya infraredi juu ya tabaka zitakazotiliwa shaka. Ningebadili uamuzi huo katika hali mbili tu: pango likiwa kavu sana, halina popo, na kuna tabaka lililozibwa kwa chokaa ngumu, hapo sampuli chache za stanoli zina nafasi, na ukuta ukiwa na utando wa masizi, hapo masizi yatangulie kila kitu.

Mpangilio wa siku ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa shimo ukishasafishwa, kwanza zichukuliwe sampuli za kemia kwa mikono yenye glavu, ndogo tu, zihifadhiwe hata kama hakuna fedha ya kuzipima sasa; pili yakatwe matofali, kila moja na mshale wake; ndipo chekeche lianze kupokea ndoo. Matofali na sampuli zote zinazotoka nchini zinahitaji idhini chini ya sheria ya 2006 ya makavazi na urithi wa taifa, na ombi hilo liandikwe kabla ya kuchimba, si siku gari linaposubiri. Upande mmoja wa shimo, angalau sentimita 50, uachwe bila kuguswa.

Kuhusu mahali pa shimo, vijana walitaka katikati ya ukumbi, penye mwanga na nafasi ya kusimama. Mimi ningesogea karibu na ukuta wa upande usiopigwa na mvua ya kusi, mbali na pale popo wanaponing'inia, mahali ambapo mtu mwenye mzigo, aliyechoka, asiye na nia ya kukaa, angeuegemeza mgongo wake na kuwasha moto mdogo mbele ya miguu. Na kabla ya kamba kufungwa, muulizeni mlezi wa pango ni wapi watu hufukizia siku hizi, ili doa la mwaka jana lisije likapelekwa maabara kama la miaka 10,000.